Ukiambiwa 'dawa hakuna', uliza swali la pili

Mwezi uliopita, Jumanne moja jioni, mama mmoja aliingia wodini kwetu akiwa amembeba mgongoni mtoto wa kike wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa anapumua haraka haraka, kifua kinabonyea kila anapovuta hewa, na midomo imeanza kubadilika rangi. Ilikuwa nimonia kali. Tulimwekea oksijeni, tukamwanzishia sindano, na usiku ule muuguzi wa zamu hakuondoka karibu na kitanda chake.

Siku ya tatu, mtoto alipoanza kuomba uji, nilikaa na mama yake nikapitia daftari la kliniki. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya zahanati ya karibu na kwao, ya siku tatu kabla ya kulazwa. Mganga wa kule alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Aliutambua ugonjwa mapema, kabla haujawa mkali, akaandika amoksilini kwa kipimo sahihi kulingana na uzito wa mtoto. Chini yake yalikuwapo maneno matatu: "Haipo. Anunue nje."

Mama huyu anauza vitumbua. Dukani aliambiwa alipe shilingi elfu nne. Wiki hiyo mtaji wake ulikuwa umekwenda kwenye msiba wa shemeji yake, kwa hiyo akampigia kaka yake aliyeko mjini amtumie. Kaka alituma siku ya tatu. Fedha ilipoingia kwenye simu, kifua cha mtoto kilikuwa kimeshaanza kubonyea.

Nilimuuliza, "Mama, ulipoambiwa dawa hakuna, uliuliza itakuja lini?"

"Sikuuliza, daktari," alinijibu. "Niliona nitaonekana ninawagombeza. Si huduma yenyewe ni ya bure?"

Mtoto alipona na sasa yuko nyumbani. Ila neno hilo "bure" limenikaa kichwani mwezi mzima, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nadhani neno hilo limewafunga midomo wazazi wengi, na limetupa sisi tulio upande wa pili wa dirisha la dawa mahali pa kujificha.

Si bure, umeshalipa

Sera ya Taifa ya Afya ya mwaka 2007 inaeleza kuwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo wapate huduma bila malipo kwenye vituo vya Serikali. Maana yake ni kwamba hulipi pale dirishani. Haina maana kwamba hakuna aliyelipa.

Chukua huyo mama wa vitumbua. Hana hati ya mshahara wala hajawahi kukanyaga ofisi ya kodi. Lakini akinunua sabuni au soda dukani, ndani ya bei kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Akiweka vocha kwenye simu, anakatwa. Akipanda daladala, sehemu ya nauli yake inalipia tozo iliyomo kwenye kila lita ya mafuta. Anaamka saa kumi alfajiri kukoroga unga, na kila siku kabla jua halijazama ameshachangia Hazina bila kupewa asante wala risiti.

Kwa hiyo mtoto wake alipofika zahanati hakwenda kuomba sadaka. Alikwenda kuchukua kitu ambacho mama yake na majirani zake wote walikuwa wameshakilipia. Mtu aliyelipia kitu akakikosa ana haki ya kuuliza kimekwenda wapi. Hata muuza nyanya akikupimia pungufu unamwambia, na wala huitwi mkorofi.

Dawa hakuna ni dalili

Sisi madaktari tunafundishwa mapema kwamba homa ni dalili tu. Nyuma yake inaweza kuwapo malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo au kitu kingine kabisa. Daktari anayeandika "homa" na kukurudisha nyumbani bila kutafuta chanzo hajakutibu.

"Dawa hakuna" nayo ni dalili. Ili uone chanzo kinaweza kuwa wapi, ni vizuri ujue fedha na dawa zinapita njia gani.

Bunge hupitisha bajeti mwezi Juni, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kwenye bajeti hiyo kuna fedha za dawa na za uendeshaji wa vituo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, badala ya kuishia halmashauri. Kituo pia kina vyanzo vyake: malipo ya bima, michango ya CHF iliyoboreshwa, na papo kwa papo, yaani fedha inayolipwa dirishani na wasio na msamaha. Kwa fedha hizo kituo huagiza dawa Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Bohari isipokuwa na dawa hiyo, utaratibu unaruhusu kituo kununua kwa mshitiri aliyeidhinishwa katika mkoa.

Katika njia hiyo, mambo yanaweza kukwama mahali pengi. Huenda Bunge lilipitisha fedha lakini Hazina haijazitoa, au imezitoa mwezi wa tisa wakati ugonjwa hausubiri. Huenda fedha ipo lakini Bohari haina dawa, na kituo hakikuhangaika na mshitiri. Huenda kituo kiliagiza kidogo kuliko mahitaji, au kilichelewa kuagiza. Huenda fomu za bima zilijazwa vibaya zikakataliwa, kituo kikakosa mapato yake. Na huenda dawa zilifika kamili, kisha zikatoka kwa mlango wa nyuma.

Ukitazama vizuri, kila chanzo kina mtu wake wa kukitibu. Cha kwanza ni cha wakubwa wa Hazina na Bunge. Cha pili na cha tatu ni vya Bohari, halmashauri na mganga mfawidhi. Cha nne ni cha watumishi wa kituo, tukiwamo sisi tunaoandika hovyo hovyo. Cha tano ni cha vyombo vya sheria. Tukiishia kusema "dawa hakuna" na kwenda zetu, vyote vitano vinafanana, na hakuna anayeguswa.

Nilivyofundishwa kuhesabu

Sitaki uone kama ninasema haya nikiwa msafi. Zaidi ya miaka 15 iliyopita nilikuwa mganga mfawidhi kijana katika kituo cha afya cha vijijini. Jioni moja lilikuja gari la dawa. Dereva alikuwa na haraka, giza linaingia, na mimi nilikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu ndani. Nilitoka na glovu mkononi, nikaegemeza karatasi kwenye mlango wa gari, nikasaini kwamba nimepokea na mzigo umetimia. Kisha nikarudi kwa mgonjwa wangu.

Wiki mbili baadaye, amoksilini ya watoto iliisha. Maneno yakaanza. Sokoni walikuwa wanasema kijana wa stoo anauza dawa, na mke wake akawa anazomewa kisimani.

Kwenye kamati ya usimamizi ya kituo chetu alikuwamo mama mmoja wa makamo, mwakilishi wa wananchi. Kijijini alikuwa mtunza hazina wa kikoba. Alinifuata ofisini akasema, "Mwanangu, tuoneshe karatasi za dawa."

Niliudhika. Nilimjibu, "Mama, haya mambo ni ya kitaalamu."

Akaniuliza kwa upole, "Kuhesabu maboksi nako ni utaalamu?"

Tulikaa chini tukahesabu. Karatasi niliyosaini ilisema maboksi 30. Kadi ya stoo, iliyoandikwa na kijana yule kesho yake asubuhi, ilisema yameingia 18. Yeye alihesabu, akaandika alichokiona. Mimi nilisaini bila kuona. Karatasi hizo mbili zilikaa wiki mbili ndani ya jengo moja na hakuna aliyezilinganisha. Tulipofuatilia, ilibainika maboksi 12 yalishushwa kwa makosa kwenye kituo kingine cha njia hiyo hiyo, nao wakayatumia kwa wagonjwa wao.

Hakuna aliyeiba. Lakini sahihi yangu ilisema uongo, na kwa sababu ya sahihi hiyo Serikali iliamini watoto wa kijiji kile wana dawa wakati hawana. Kijana wa stoo, aliyekuwa mwaminifu kuliko mimi, ndiye aliyetukanwa.

Tangu siku ile, gari la dawa halikuondoka pale kabla wajumbe wa kamati hawajahesabu nasi mzigo wote, hata kama ni kwa tochi. Nilijifunza pia kwamba kuhesabu mbele ya watu humkamata mwizi na humlinda asiye mwizi. Mtumishi mwema hana sababu ya kuogopa swali. Swali ndilo linalomwokoa na maneno ya sokoni.

Wanaosema wananchi hawawezi kuelewa mahesabu ya afya waende wakatazame kikoba kinavyoendeshwa. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Halifunguliwi mpaka wanachama wote wamekaa. Fedha inahesabiwa kwa sauti, kila mtu anasikia, na anayechelewesha rejesho anaulizwa hapo hapo. Mama aliyeishia darasa la saba anaweza kukuambia bila kutazama daftari kilichomo ndani ya sanduku. Ukiwaonesha watu hao karatasi ya zahanati, wataielewa.

Hati safi si dawa kabatini

Kila mwaka, mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, humkabidhi Rais taarifa zake, kisha zinawasilishwa bungeni mwezi Aprili. Kazi hiyo ipo kwenye Katiba, Ibara ya 143. Huwa tunazisoma kwenye magazeti wiki nzima, tunashangaa mabilioni, tunabishana kwenye daladala, halafu ligi inakolea na tunasahau mpaka Aprili nyingine.

Taarifa hizo zinakuhusu wewe mzazi kuliko unavyodhani. Kwa miaka tofauti CAG ameandika kuhusu upungufu wa dawa vituoni na kuhusu dawa zilizoisha muda zikiwa stoo. Na taarifa za serikali za mitaa hutaja halmashauri kwa majina, ikiwamo ya kwako.

Lakini kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Utasikia kiongozi akisema, "Halmashauri yetu imepata hati safi," na watu wanapiga makofi. Hati safi ni jambo jema. Maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa ipasavyo na zinaonesha hali halisi ya fedha kwa kiwango kinachokubalika. Haina maana kwamba kila shilingi ilitumika kwa busara, wala kwamba kabati la zahanati yako lina dawa. Ni kama mgonjwa anayekuja na majibu ya damu yaliyo sawa. Ninafurahi kuyaona, lakini kama bado anakohoa damu, siwezi kumwambia nenda nyumbani umepona. Kipimo kile kilijibu swali moja tu.

Kwa hiyo diwani wako akitaja hati safi, mpongeze, kisha muulize lililobaki: mapendekezo ya CAG ya mwaka jana kuhusu dawa na vituo vyetu, mangapi yametekelezwa? Bungeni swali hilo huulizwa na kamati mbili, ya Hesabu za Serikali na ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Hakuna sheria inayokukataza kuliuliza kwenye kata yako.

Zikitangazwa, zinaonekana

Tuna mfano wa nyumbani unaoonesha kwamba inawezekana. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za Uviko-19. Mkopo ni deni, kwa hiyo na huo tutaulipa mimi na wewe. Lakini mwezi Oktoba mwaka huo fedha hizo zilitangazwa hadharani: ni kiasi gani, zinakwenda sekta gani, zitajenga nini. Madarasa 15,000 yalitajwa, na sekta ya afya ikatajiwa vyake, kama majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi. CAG naye akakagua matumizi yake.

Sisemi kila kitu kilikwenda sawa. Ninachosema ni kwamba ule mwaka hata mwanafunzi wa sekondari aliweza kunyoosha kidole akasema, "Lile darasa ni la fedha za Uviko." Mwenyekiti wa kijiji alijua shule yake imepangiwa madarasa mangapi. Darasa lisipokamilika, lilionekana halijakamilika. Watu waliuliza kwa sababu walijua cha kuuliza.

Sasa jiulize: zahanati yako ilipangiwa fedha kiasi gani za dawa mwaka huu? Zimefika kiasi gani? Bila shaka hujui. Wala mimi, ambaye kazi yangu ni hii, sikujua za zahanati ya mtaani kwangu mpaka nilipoanza kuandika makala haya na kwenda kuuliza. Mganga mfawidhi alinipa takwimu zote bila kinyongo, ziko kwenye mfumo wa kompyuta. Aliniambia, "Daktari, wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza." Fedha za darasa tuliziona kwa sababu darasa lina ukuta. Dawa haina ukuta. Inamezwa inaisha, au haifiki kabisa, na pengo lake unaliona kifuani kwa mtoto.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Kila zahanati, kituo cha afya na hospitali ya umma iwe na ubao mmoja mahali wagonjwa wanapokaa kusubiri. Uandikwe kila mwezi, kwa Kiswahili cha kawaida, mambo manne: fedha iliyopangwa, fedha iliyofika, dawa muhimu zilizopo, na dawa zinazokosekana pamoja na tarehe zilipoagizwa. Vituo vichache tayari vinabandika taarifa za mapato na matumizi, ingawa mara nyingi ni karatasi iliyofifia nyuma ya mlango. Liwe ni sharti kwa vyote, na mkurugenzi wa halmashauri aulizwe kuhusu ubao kama anavyoulizwa kuhusu makusanyo.

Jambo hili litakuwa na uzito zaidi miaka inayokuja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatutaka tuchangie, na Serikali iwachangie wasio na uwezo. Ni sheria ninayoiunga mkono kwa moyo wote, maana nimeona familia zikiuza shamba kwa ajili ya upasuaji mmoja. Lakini mtu akichangia akaenda kituoni akakuta kabati tupu, mwaka wa pili hatachangia kwa hiari. Bima inaendeshwa kwa imani, na imani inajengwa na hesabu zinazoonekana.

Sisahau pia kwamba kuna mambo ambayo ubao wa zahanati hauwezi kuyatibu. Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa afya. Kwa miaka mingi bajeti zetu zimebaki chini ya hapo. Hata tukihesabu kila kidonge kwa uaminifu, kidogo kitabaki kidogo. Lakini ninaamini ni rahisi zaidi kudai fedha iongezwe pale ambapo kila mtu anaona ile ya kwanza ilikwenda wapi.

Hasira isiishie kwa muuguzi

Ninakuomba jambo moja, msomaji wangu, na ninaomba kwa dhati. Usisome makala haya kisha kesho ukaenda kumfokea binti aliyeko dirisha la dawa. Mara nyingi yeye ndiye mtu wa mwisho kwenye mnyororo mrefu, na ndiye pekee unayemwona uso. Huenda ameshaandika kuomba dawa mara tatu. Huenda yuko peke yake kituo kizima tangu asubuhi. Ukimtukana, atajifunza kukukwepa, na wewe utaondoka bila dawa na bila jibu.

Uliza kwa heshima, lakini uliza. Ukiambiwa dawa hakuna, yafuate maswali haya: "Imekosekana tangu lini? Imeshaagizwa? Inatarajiwa lini? Na kwa sasa ninaweza kuipata wapi, au kuna nyingine inayofaa badala yake?" Swali hili la mwisho ni muhimu sana kwa mgonjwa wako. Mara nyingi kuna dawa mbadala, au kituo cha jirani kinayo, na mtoa huduma atakumbuka hilo akiulizwa.

Ukitakiwa kulipa, omba namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, na risiti yake. Fedha inayopita kwenye namba hiyo inaingia kwenye akaunti ya Serikali. Fedha inayopita mfukoni mwa mtu haijulikani inakoingia. Ukiambiwa ulipie huduma ya mtoto aliye chini ya miaka mitano, uliza kwa nini, na omba kuonana na mganga mfawidhi.

Tafuta kujua nani anakuwakilisha kwenye kamati ya usimamizi ya kituo chako. Yupo. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mijini kuna mikutano ya mtaa. Simama hapo, omba taarifa ya zahanati isomwe: kilichoingia, kilichotumika, kilichokosekana. Kama unaona aibu kusimama peke yako, nendeni wazazi watano mliokutana kliniki. Ukinyimwa taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, na ofisi husika inapaswa kukujibu ndani ya siku 30.

Na ukikuta dawa yenye alama ya GOT, alama ya dawa za Serikali, inauzwa kwenye duka la mtu binafsi, hiyo si ya kuulizia kwenye mkutano. Piga simu TAKUKURU, namba 113, au mwarifu mganga mkuu wa wilaya.

Kwa wenzangu wa fani ya afya nina neno fupi. Tusisaini tusichokiona. Tusiandike "haipo" bila kuandika chini yake lini itakuwapo na wapi inapatikana. Na mgonjwa akituuliza, tusijifiche nyuma ya utaalamu kama nilivyojificha mimi siku ile.

Mtoto asisubiri majibu

Sasa ninarudi kwenye udaktari wangu, kwa sababu kudai haki kunachukua muda na nimonia haikupi muda huo. Kama mtoto wako ana kikohozi na umeambiwa dawa hakuna, usirudi nyumbani kusubiri. Nenda kituo kingine siku hiyo hiyo, au mwambie mganga waziwazi, "Sina fedha ya kununua," ili akutafutie njia.

Mwinue mtoto nguo akiwa ametulia, hesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha mara 50 au zaidi, na mwenye mwaka mmoja hadi mitano akifikisha mara 40 au zaidi, anapumua haraka na anahitaji kuonwa leo. Kifua kikibonyea anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kuwa mgumu kuamka, hiyo ni hatari. Kimbilia hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Mama wa vitumbua aliporuhusiwa, nilimwandikia mwanawe tarehe ya kurudi kliniki. Alirudi Jumatatu iliyopita, mtoto anakimbia kwenye korido. Nilimuuliza kama amepita zahanati yao. Akasema amepita, na safari hii ameuliza. Ameambiwa amoksilini iliagizwa tangu mwezi ule, imekuja nusu, na nusu nyingine bado. Akauliza nani anafuatilia hiyo nusu. Muuguzi akamwambia aje kwenye mkutano wa kijiji, mwakilishi wa kamati atakuwapo.

"Nitakwenda," aliniambia huku akimvuta mtoto asipande kitanda cha vipimo. "Nimewaambia na wenzangu wa kikoba."

Tukutane wiki ijayo.